Mkungu Nilioupeleka Madhabahuni

Nilirudi nyumbani Chonyonyo siku mbili kabla ya Krismasi nikiwa na suti ya vipande vitatu, mkoba wa ngozi wenye kufuli, na stashahada ya kilimo. Stashahada niliitia katika bahasha ngumu, bahasha nikaitia katika mfuko wa nailoni, na mfuko nikaulaza kati ya mashati mawili, kwa sababu barabara ya kutoka Bukoba kuja Karagwe miaka ile haikumhurumia mtu wala mzigo. Nilisafiri juu ya magunia ya chumvi ndani ya lori. Tulipokaribia nilimwomba dereva asimame, nikavaa suti nyuma ya kichaka, nikanyoosha tai kwa kujitazama kwenye kioo cha lori. Sikutaka watu wa kwetu wanione nikishuka kama gunia la kumi na tatu.

Sioni aibu kuyasema haya. Niliondoka mwaka wa vita, kijana aliyemaliza darasa la saba, bila mjomba wa kunishika mkono. Nilikata mkonge Tanga mpaka viganja vikawa kama soli. Nikawa karani wa zamu. Nikasoma jioni kwa kibatari mpaka nikamaliza kidato cha nne, nikaingia chuo cha kilimo, nikatoka, nikaingia tena, nikatoka na stashahada. Katika kata yetu walimu walikuwepo na mganga wa zahanati alikuwepo, lakini mwenye stashahada ya kilimo alikuwa mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi. Miaka kumi na moja nilikuwa nje. Kila mwaka niliandika barua nyumbani kwamba ninakuja Krismasi, na kila mwaka sikuja, kwa sababu sikutaka kurudi mikono mitupu.

Jioni ile nilipofika, Mama alikuwa ametandika nyasi mpya sakafuni, kama inavyofanywa kwetu sikukuu zinapokaribia, nazo zilikuwa bado zinanukia. Alinitolea senene aliowakaanga na kuwahifadhi kwenye kopo. Nilimweleza kwamba senene wana protini. Akasema yeye aliwatoa mabawa na miguu tu, hiyo nyingine hakuiona, kwa hiyo bila shaka bado imo. Baba alinipokea mkono, akaushika muda mrefu bila kuutikisa, akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri. Yalikuwa maneno mengi kwake.

Majirani walikuja kuamkia, na mimi, baada ya kuitikia na kusalimu wakubwa shikamoo, niliwasomea stashahada yote, pamoja na jina la mkuu wa chuo aliyeweka sahihi. Kulikuwa na bibi mmoja, jirani yetu mjane, aliyekuja kutoka Rwanda tangu Baba yangu ni kijana. Alinyoosha mkono akaigusa ile karatasi ukingoni.

"Na hii, mjukuu wangu, inapalilia?"

Watu walicheka. Nilicheka pia, kwa adabu, kisha nikamweleza tofauti ya mtaalamu na mkulima. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba senene.

Sasa ni lazima nieleze maombi ya Mama, maana habari yote imeegemea hapo. Mama alikuwa na maombi mawili, na usharika mzima uliyajua kwa sababu aliyaomba kwa sauti kila Alhamisi kwenye kikundi cha akina mama. La kwanza, nirudi nyumbani. La pili, Baba arudi kwenye Meza ya Bwana.

Baba alikuwa ametengwa na kanisa. Zamani alikuwa mpishi wa orubisi, pombe yetu ya ndizi, na sifa yake ilifika mbali. Wanywaji walitembea kutoka Kibingo kuja kwetu, wakarudi Kibingo kwa njia ndefu zaidi. Kwa Walutheri wa kwetu, hasa baada ya uamsho, jambo hilo halikuvumilika. Wazee wa kanisa walimwonya mara tatu, kisha wakamtenga. Kwa miaka tisa alikaa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na upepo na wachelewaji, asile wala asinywe mezani pa Bwana. Aliimba besi kutoka kule kule mlangoni, na wanakwaya walikiri kwamba bila yeye wimbo ulikosa sakafu.

Hatimaye Mama alimshinda. Miaka miwili kabla sijarudi, Baba aling'oa migomba yake yote ya embiire. Kwetu kuna ndizi ya kupika, kuna ya kuchoma, kuna ya kuiva na kuliwa, na kuna embiire, ambayo kazi yake ni pombe. Aliupasua kuni mtumbwi wa kukanyagia ndizi. Wazee wakaja wakakagua kibanja, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, wakaridhika, wakasema watamwangalia miaka miwili. Miaka miwili ilikuwa imetimia. Mchungaji, ambaye alihudumia sharika nyingi na kwetu alifika kwa nadra juu ya pikipiki yake, angekuja siku ya Krismasi, na siku hiyo Baba angesimama mbele, angekiri, angepokewa, na angeshiriki. Maombi yote mawili ya Mama yalikuwa yamejibiwa ndani ya juma moja. Hakulala. Alitembea nyumbani akishika vitu na kuvirudisha mahali pake.

Usiku wa kuamkia Krismasi alinionyesha mkungu ulio karibu na jiko, alioutunza kwa ajili ya sadaka ya shukrani. Alikuwa ameuegemeza kwa mti na kuufunga kitambaa chekundu. Aliniambia kwamba yeye ataondoka mapema na wanakwaya kwenda kufagia kanisa, na Baba ataondoka naye kwa sababu wazee wanataka kusali naye kwanza. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kukata mkungu ule na kuupeleka mbele ya madhabahu kwa niaba ya nyumba yetu.

Asubuhi nilisimama mbele ya mkungu ule nikiwa nimevaa suti, panga mkononi. Nilihesabu chane. Zilikuwa sita.

Nataka msomaji anielewe. Mungu alikuwa amenitoa kwenye mkonge na kunipa stashahada. Miaka kumi na moja ya fadhili zake ningeirudisha kwa chane sita? Nikaona haiwezekani. Niliingia kibanjani kutafuta shukrani inayolingana na mimi. Nilipita migomba ya juu, nikapita kahawa, nikateremka hadi chini kabisa kwenye bonde, mahali ambapo mtu hafiki asipokuwa na sababu. Hapo, nyuma ya mibuni iliyofungana, ilisimama migomba mitatu. Mmoja ulikuwa na mkungu uliofunikwa vizuri kwa majani makavu, kana kwamba unalindwa na baridi. Niliyafunua. Nikatoa futi ya kamba niliyopewa chuoni, nikapima mzingo, nikapima urefu, nikahesabu chane kumi na moja. Moja kwa kila mwaka wangu! Nililichukua jambo hilo kuwa ishara.

Nitasema kwa kujitetea kwamba masomo yangu ya juu yalikuwa ya mkonge. Ndizi katika kitabu chetu ilikuwa na kurasa mbili, na picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe. Tena nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa mbuzi na maji. Kukata ndizi ilikuwa kazi ya Mama. Huo ndio utetezi wangu wote, nami najua kwamba ni mfupi.

Niliukata, utomvu ukanichuruzikia mkono wa koti, nikaufunga kwenye baiskeli ya jirani na kuusukuma kwenda kanisani. Barabara ilijaa watu waliovaa vizuri. Waliponiona walinyamaza, wakanipisha pembeni. Niliona hiyo ni heshima. Mwanamume mmoja alivua kofia.

"Bwana shamba," akasema, "hiyo unaipeleka kanisani?"

Nikamjibu kwamba ndiyo, mbele ya madhabahu.

"Na baba yako ana habari?"

Nikasema hapana, nataka kumshangaza. Akavaa kofia yake, akasema basi yeye leo hawezi kuchelewa ibada kwa vyovyote, akaanza kukimbia.

Niliingia wakati kwaya inaimba. Niliubeba mkungu begani, nikapita katikati kwa mwendo ambao nilikuwa nimeuona kwa wahitimu wenzangu siku ya mahafali, nikautua mbele, kati ya jogoo aliyefungwa miguu na debe la maharage. Niliugeuza ili upande wake mzuri uwatazame watu. Nilipoinua macho kumtafuta Mama kwenye kwaya, alikuwa ameacha kuimba. Mdomo ulikuwa wazi kwenye neno "furaha". Nikafikiri amezidiwa na shukrani.

Baba alikuwa amekaa, kwa mara ya mwisho, kwenye benchi la mlangoni. Kutoka pale nadhani aliona mgongo wangu tu.

Ibada iliendelea, mahubiri yakawa mazuri na marefu. Kisha Mchungaji akamwita Baba. Baba alikuja mbele akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka likang'aa, akapiga magoti, na alipopiga magoti mkungu ulikuwa hatua mbili kutoka puani pake. Niliona mabega yake yakishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo, au aliyeongezewa.

Kabla Mchungaji hajafungua kitabu, alisimama mzee wa kanisa mmoja, mtu mwembamba mwenye sauti nene, aliyeongoza wale waliokuja kukagua kibanja.

"Mchungaji," akasema, "kuna shahidi ambaye hatujamsikia. Yuko pale mbele, kati ya jogoo na maharage."

Mchungaji wetu alizaliwa kwenye nchi ya mtama, na kwake ndizi zote zilikuwa ndizi. Alitazama, akasema anaona ndizi.

"Ni embiire, Mchungaji. Hiyo haipikwi. Inakanyagwa."

Kanisa likanguruma kwa chini. Hapo mimi, kwa sababu ya elimu yangu, nikasimama. Sikuweza kumwacha mtu wa darasa la nne akosee kitaalamu mbele ya watu. Niliomba ruhusa, nikajitambulisha pamoja na stashahada, nikasema kwamba mkungu huo nimeupima mwenyewe kwa futi, na kwamba kwa mzingo, urefu na idadi ya chane ni wa daraja la kwanza. Mzee akaniuliza kwa upole mkubwa nimeukata wapi.

"Kwa baba yangu," nikasema. "Chini kabisa bondeni, nyuma ya kahawa. Ipo migomba mitatu, yote ina afya. Wa pili utakuwa tayari baada ya mwezi mmoja."

"Asante, bwana shamba," akasema, akakaa.

Nilimtazama Mama. Alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Nikautazama tena mkungu, safari hii bila futi, na nikaziona zile ndizi fupi, nene, zilizobanana kama watoto kwenye mkeka. Nilikuwa nimezikanyaga kwa miguu yangu mwenyewe nikiwa na miaka sita, ndani ya mtumbwi wa Baba, nimeshikwa mikono nisianguke. Nilikaa polepole. Suti ilinibana kila mahali.

Mchungaji akamuuliza Baba kama ni kweli. Baba hakuinuka.

"Ni kweli. Siku mliyokuja kukagua sikuwateremsha kule bondeni." Akautazama mkungu. "Mtoto alikuwa ameandika kwamba anakuja Krismasi. Nikaacha migomba mitatu nimpokee kwa orubisi ya mara moja, hapo nyumbani, bila kuuza. Hakuja. Akaandika tena. Mikungu iliiva nikawapa mbuzi. Sikukamua hata kata moja."

Mzee wa kanisa akauliza angekanyagia wapi, ikiwa mtumbwi aliupasua.

"Mtumbwi ningeazima," Baba akasema. "Wenye mitumbwi wamo humu."

Wanaume kadhaa wakaanza kuvitazama vitabu vyao vya nyimbo kwa makini. Lakini mzee hakuachia. Akasema, pamoja na hayo yote, ndugu huyu aliudanganya usharika. Baba akakubali kwamba alidanganya. Mchungaji alifunga kitabu kidole kikiwa ndani, akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya huzuni kwamba pengine ni vizuri jambo hili lisubiri mpaka Pasaka.

Mama aliketi. Wanakwaya wengine wote walikuwa wamesimama, na yeye peke yake akaketi, kitenge bado usoni. Miaka tisa ya Alhamisi.

Mfukoni mwangu nilikuwa na shukrani niliyoiandika, kurasa nne, nizisome baada ya matangazo. Ilianza na mkonge na kuishia na mahafali, na Mungu alitajwa katika nafasi mbili zinazofaa. Niliiacha humo humo. Nilikwenda mbele nikapiga magoti kando ya Baba, na kwa kuwa suruali ilikuwa ya kubana, mshono ulilia mahali ambapo kila mtu alisikia.

"Mchungaji, naomba kusema," nikaanza, na sauti haikuwa ile ya kitaalamu. "Barua hizo niliziandika mimi. Nauli nilikuwa nayo. Sikutaka kurudi bila karatasi. Mzee wangu amelinda migomba yake kwa sababu ya uongo wangu." Lililofuata lilikuwa gumu zaidi. "Na leo Mama alinionyesha mkungu wa kuleta. Nikauona mdogo. Nikachukua huu. Mimi bwana shamba sikuijua embiire ya kwa baba yangu. Kama Tata atasubiri Pasaka, nitakaa naye pale mlangoni mpaka Pasaka."

Nilikuwa nimemwita Tata, kama nilivyomwita kwa Kinyambo nikiwa mtoto wa mbuzi na maji. Hakunitazama. Alisogeza goti lake kidogo nipate nafasi kwenye mkeka.

Hapo yule bibi jirani aliinuka upande wa wanawake kwa kushikilia bega la mwenzake.

"Mchungaji, mimi sijasoma. Naomba nimuulize tu mzee wetu. Miwani yako, waitu, mwenzetu, leo umeisahau nyumbani. Nyimbo nimekuona unaimba kwa kukumbuka. Ndizi ile umeijuaje kutoka kiti cha tatu?"

Kanisa zima lilicheka, hata waliokuwa wakitazama nyimbo. Mzee wa kanisa alisimama kungoja kicheko kipite. Nilidhani atakasirika. Alijipapasa mfuko wa miwani, akakuta mtupu.

"Naijua kwa sababu niliinywa miaka ishirini kabla Bwana hajanikuta," akasema. Kisha akamtazama Baba chini pale. "Na nyingi niliinywa kwake. Ilikuwa nzuri mno. Ndiyo maana nimemwogopa." Akamgeukia Mchungaji. "Mchungaji, uliza usharika. Lakini migomba ile ing'olewe kesho, na aing'oe huyu mwenye stashahada."

Mchungaji akafungua kitabu pale kilipokuwa kidole chake. Baba alikiri mbele ya wote, pamoja na migomba mitatu, kwa hesabu kamili. Mchungaji akauliza kama usharika unampokea. Nimesikia makofi ya mahafali, nami naweza kulinganisha. Lile "Tunampokea" liliwafanya jogoo na kuku wote wa sadaka wapige kelele, na jogoo wetu wa mbele akajikung'uta mpaka akapanda juu ya mkungu wangu na kukaa hapo kwa ibada iliyobaki.

Meza ya Bwana ilipoandaliwa, Mama alishuka kutoka kwaya akaja kupiga magoti upande wa pili wa Baba. Kitenge alikirudisha mabegani. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujali. Mimi nilikuwa bado palepale, kwa sababu sikuweza kusimama na kuwageuzia watu mgongo kwa hali ya suruali yangu. Nitasema ukweli: sijawahi kushukuru kama nilivyoshukuru kwenye mkeka ule, na sikuwa na neno hata moja lililoandikwa.

Mkate ulipita. Kikombe kikafika kwa Baba. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho. Akabaki amefumba. Wenzake waliinuka, yeye hakuinuka, na Mchungaji alingoja kwa heshima, akiamini kwamba mtu aliyekaa miaka tisa mlangoni ana mengi ya kumwambia Mungu. Nami niliamini hivyo. Hatimaye Baba alinishika mkono, nikaelewa kwamba magoti yamekufa ganzi. Nilimwinua. Aliniegemea, akalivuta sikio langu karibu na mdomo wake.

"Divai yao," akaninong'oneza, "wameiharakisha. Ingekaa siku tatu zaidi."

Nikamwambia anyamaze, tuko mbele ya madhabahu. Akanyamaza. Mama, aliyekuwa amesikia, alimfinya mbavu. Tulikwenda hivyo watatu hadi benchi la mbele, mimi nikiwa nimeishika suruali nyuma kwa mkono mmoja, na mabega ya Baba yakitetemeka kwa kicheko ambacho wale wa nyuma, nina hakika, walikidhania kuwa kilio.